Mshika Shingo

Hakuwa mtu wa kukutazama usoni. Ukimwamkia, macho yake yalitua kwanza pembeni mwa shingo yako, chini ya sikio, yakakaa hapo kidogo kama mtu anayesoma, halafu ndipo yakapanda kuangalia wewe ni nani. Mimi nilishamzoea. Nikimwona anakuja kwenye njia ya soko nilianza kucheka kabla hajafika, nikavuta mtandio nifunike shingo, kumchokoza tu. Naye husema, "Funika, mutoto wangu, funika. Nitakujua kwa kisigino."

Watu wa Rumonge walimwita Mushika-shingo. Mbele yake tulisema Mwalimu, kwa sababu alifundisha kweli, na kwa sababu lile jina jingine si la kumtupia mtu mzima usoni. Alikozaliwa sikujui na sikuuliza. Pwani yetu imejaa watu waliotoka ng'ambo ya ziwa, na kumwuliza mtu kwao ni wapi ni sawa na kumwuliza ataondoka lini.

Kwa asiyeijua kazi yake, nitaieleza. Siku za Wadachi, yaani Wajerumani, ugonjwa wa usingizi uliingia pwani. Mtu anaumwa kichwa, anakonda, anakuwa mkali kwa watoto wake bila sababu, na mwisho analala hata tonge likiwa mkononi. Bwana Daktari alikuja na mahema na masanduku yake, akatuambia kuna nzi wa vichaka vya ufukweni, anauma mchana, ndiye anayeleta usingizi. Alama ya mapema ni uvimbe nyuma ya shingo, mdogo, mgumu. Lakini Mzungu mmoja hawezi kushika shingo zote kutoka Muhuta mpaka Kabonga. Kwa hiyo akachagua watu wa kumshikia, akawafundisha. Wa kwetu alikuwa huyu. Kila mwezi alitupanga mstari ufukweni, wanaume huku, wanawake huku, akapitisha vidole. Akisema "Pita," unarudi kwenye kazi zako. Akisema "Kaa," unapelekwa kambini, kule kwenye kilima, unachomwa sindano.

Vidole vyake alivitunza kuliko watu wengine wanavyotunza ng'ombe. Hakushika kasia, wala wavu, wala jembe. Hakutoa sufuria motoni. Kucha alizikata kila Alhamisi, akazisugua kwa jiwe la ziwani mpaka zikawa laini kama ganda la yai. Wavuvi walimcheka sana. Walisema ana mikono ya bibi arusi, wakamwuliza lini wanakuja kumchukua. Yeye hakukasirika. Alisema mvuvi akipasua wavu anashona, lakini yeye akiota sugu moja kidoleni mtu mmoja wa Rumonge atakufa bila kujulikana.

Na shingo iliyopita kwenye vidole vile hakuisahau. Siku moja sokoni mwanamke alikuwa ameinama anachagua muhogo, kichwa amekifunga, amempa mgongo. Mwalimu akapita, akasimama, akasema, "Wewe uko wa Muhuta, ulijificha mwezi uliopita." Mwanamke akaacha muhogo, akaacha na kikapu, akakimbia. Soko zima lilicheka mpaka wauza chumvi wakakaa chini. Mwalimu hakumfuata. Alilipia muhogo ule, akauweka ndani ya kikapu, akakituma Muhuta kwa mtu wa mtumbwi.

Alipenda sana kutuhadithia habari za Shule Kuu. Huko Ulaya, alisema, kuna shule ambayo Bwana Daktari ametoka, na ndiyo iliyomtuma kwetu. Sisi shule tuliyoijua ni chuo cha mtaani, mkeka na fimbo, watoto wanasoma Kurani kwa sauti moja. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye mkeka huo miaka miwili tu, halafu kazi ya mawese ikanitoa. Mwalimu akasema hapana, kule wanaosoma ni wazima.

"Mutu muzima, iko na ndevu, anasoma nzi moja miaka tatu."

Mzee mmoja mvuvi akafikiri, halafu akauliza kwa upole, "Huyo mutu alikosa nini?"

Watu walicheka, na Mwalimu akacheka nao, lakini baadaye aliniambia kwamba lile lilikuwa swali zuri na kwamba angemwuliza Bwana Daktari. Ndivyo alivyokuwa. Alichukua maneno yetu akayapeleka juu, akaleta ya juu akayashusha kwetu, na katikati aliyapindapinda yaingie mlangoni. "Shule haiwezi kutembea," alisema. "Miguu yake ni mawe. Ndiyo maana imetuma mukono. Mukono ni mimi."

Hakuwahi kuiona shule hiyo. Aliijua kwa midomo ya Bwana Daktari, na mimi niliijua kwa mdomo wake. Hata hivyo nilikuwa naiona wazi. Nilikuwa nikikanyaga chikichi zilizochemshwa, mafuta yananifika kwenye vifundo vya miguu, huku mimi nimeshafika Ulaya, nimeingia na kibuyu changu cha mawese, wazee wenye ndevu wananisogelea wanuse, wananiuliza mti huu mnaupandaje. Nawajibu vizuri. Dada yangu mkubwa alikuwa ananimwagia maji kichwani kunirudisha. "Umefika wapi leo?" ananiuliza. Namwambia. Anasema nikirudi nimletee kitambaa.

Damu yetu ilikwenda shuleni kabla yetu. Bwana Daktari alitoboa kidole, akapaka tone kwenye kioo chembamba, vioo vikafungwa kwa pamba ndani ya sanduku la mbao na kupelekwa mbali. Wanawake hawakupenda. Waliuliza damu inakwenda kufanya nini. Mwalimu akajibu inakwenda kusoma. Mama yangu, ambaye ulimi wake haulali, akasema, "Basi damu yangu inasoma na mimi niko hapa sijui hata jina langu likoje."

Mwezi uliofuata, tulipopangwa mstari, Mwalimu alikuja na kijiti. Kila aliyekuwa anangoja zamu, alimwandikia jina lake mchangani, akamwambia alifuate kwa kidole mpaka afike mbele. Alisema orodha ya Bwana Daktari imejaa makosa kwa sababu majina yetu anayasikia vibaya, na mwenye jina ndiye anayepaswa kulilinda. Wengi waliona ni mchezo. Mama alijifunza jina lake akatosheka. Mimi sikutosheka. Nilimaliza langu, nikaomba la dada, nikaomba la mji, nikaomba la ziwa. Herufi hizi ninazoandika nilizipata hivyo, ufukweni, nikisubiri kushikwa shingo.

Alikuwa na msemo: "Shule haikosei, inachelewa." Nitaeleza ulikotoka.

Amri ilikuja kwamba vichaka vyote vya ufukweni vikatwe, hatua nyingi kutoka majini, ili nzi akose kivuli. Wanaume wakakata. Hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya vichaka vile ndimo wanawake walimooga. Tukabaki na ufuko mweupe, uko wazi kama kiganja, na mitumbwi inapita. Tukawa tunaoga wawili wawili, wengine wameshika kanga kutuzungushia, na upepo wa ziwa mnaujua. Wanawake wakagoma kwenda kwenye mstari. Walisema mshika shingo aje aone na kilichobaki, kwa kuwa sasa kila mtu anaona.

Mwalimu alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kwa aibu. Akaenda kwa Bwana Daktari. Bwana Daktari, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaandika barua kwa Shule Kuu kuuliza kama kichaka kidogo kinaweza kuachwa. Barua ikaondoka. Mwezi ukapita, na mwingine. Mwalimu akakaa na bibi mmoja mzee wakabishana mchana mzima, naye bibi akamwuliza: huyo nzi anataka majani au anataka kujificha tu? Mwalimu akasema anataka ubaridi wa majani mabichi. "Sasa matete makavu?" Kesho yake walijenga ugo wa matete makavu, mrefu, umeingia majini mpaka kiunoni, hauna jani hata moja. Tukaoga ndani yake, na nzi hakuja. Jibu la Shule Kuu lilifika mvua mbili baadaye. Lilikuwa linauliza vichaka vina urefu gani.

Bwana Daktari alilitia katika Kiswahili, Mwalimu akalisoma mbele yetu na sura ya heshima kabisa. Kisha akauandika ule ugo kwa Kiswahili, Bwana Daktari akautia katika Kidachi, ukapelekwa. Nilisikia kwamba baadaye pwani nyingine ziliamriwa kujenga ugo kama ule, na zikaambiwa ni elimu kutoka Ulaya. Yule bibi alipoambiwa alisema hajambo, Ulaya wamsalimie.

Sasa nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mwoga wa sindano. Siku Bwana Daktari alipotaka washika shingo wenyewe wachomwe dawa mbele ya watu, kutoa mfano, wa kwetu alikumbuka ghafla kwamba hajaswali adhuhuri, akaenda kuswali, na ile adhuhuri ikamalizikia alasiri. Shingo yake mwenyewe hakumwachia mtu aishike. Alivaa kanzu yenye ukosi, jua liwake lisiwake.

Na alikuwa mgumu. Alisema, "Kidole haina ndugu." Alimwambia "Kaa" mtoto wa shemeji yake mwenyewe, na mke wake akarudi kwao Bugarama miezi mitatu. Alimwambia "Kaa" mpiga ngoma wa harusi zetu, na fundi wa mitumbwi. Wengine walirudi kutoka kambini wakiwa wazima, wamenenepa. Wengine hawakurudi. Na wengine walirudi wameshikwa mkono, kwa sababu ile dawa iliua macho ya baadhi yao. Mtu alikwenda anaona, akachomwa, akachomwa, siku moja akasema mbona kumekuwa na ukungu. Wawili walikuwa wa mtaa wetu. Mmoja alikuwa rafiki wa dada yangu. Alikuwa akishika uso wangu kunijua, na mimi nacheka ili anijue haraka.

Mwalimu kila Ijumaa baada ya swala alipanda kambini. Hakutumwa. Alibeba karanga kwenye mfuko wa kanzu, akakaa na wale waliopofuka, akawapa habari za ziwa: nani amepata samaki wangapi wa mikeke, nani mtumbwi wake unavuja, upepo umetoka wapi. Aliwashusha mpaka majini, wamepanga mstari wameshikana mabega, yeye mbele. Watu waliowapita njiani hawakuwa wanacheka.

Nimefika kwenye mafuta. Hapa ndipo palipo na mkono wangu.

Sisi watu wa Rumonge tuna mawese, na kwetu mawese ni dawa ya kila kitu: mtoto mchanga, mguu ulioteguka, kifua. Uvimbe wowote unapashwa mawese moto ukakandwa mpaka uyeyuke. Kwa hiyo watu walipoambiwa kwamba uvimbe wa shingo ni alama ya usingizi, walifanya kile ambacho mtu wa hapa angefanya. Siku moja kabla ya mstari, kila nyumba ilipasha mafuta na jiwe laini la ziwani. Mama mmoja anamkanda mwenzake shingo, anabonyeza, anasugua, mpaka punje ile itawanyike au iteleze ndani. Kesho yake mstari mzima unang'aa. Baadhi walitaka tu kuvipita vidole. Lakini wengi waliamini kabisa: uvimbe ukiyeyuka, ugonjwa nao umeyeyuka. Walirudi nyumbani wakiwa wamepona, wakachinja kuku.

Mafuta hayo tuliyauza sisi. Siku hiyo kibuyu changu kilikuwa hakifiki sokoni, kinaishia njiani.

Mwalimu alijua. Alisimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akatuhutubia. Alisema, "Uvimbe iko barua. Haiko ugonjwa. Ukipasua barua, habari inabaki palepale." Nilifikiri lile ni neno zuri kuliko yote niliyosikia, nikalirudia nyumbani. Mama akasema kama uvimbe ni barua, basi anayezipeleka kwa wenyewe ni Mwalimu, na tarishi akipotea njia hakuna anayelia. Tukakamua mafuta ya mwezi uliofuata.

Dada yangu alikuwa ameposwa na mvuvi wa Kabonga, kijana mpole, anayeimba vibaya. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno. Siku moja nilikuwa namsuka, kidole changu kikapita nyuma ya sikio lake, chini, nikaigusa punje. Haikumuuma, aliniuliza tu kwa nini nimeacha kusuka. Nikamwambia nimesahau njia ya msuko. Nikamaliza kusuka.

Kwa siku tatu nilimkanda. Nilimwambia mafuta haya ni ya bibi arusi, ili ngozi ing'ae. Siku ya tatu, mstari ukiwa kesho, punje ilikuwa bado iko. Mchana nikachukua kibuyu kidogo, nikaenda kwa Mwalimu. Alikuwa amekaa barazani anasugua kucha. Nikapiga magoti. Sikumwomba mtu chochote namna ile kabla, wala baada. Nilimweleza yote, harusi, mvuvi, rafiki yake dada anayeshika nyuso. Nilimwambia macho ya dada yangu ni mazuri. Sijui kwa nini nilisema hivyo, kama kwamba ya wengine yalikuwa mabaya.

Alinisikiliza. Akasema, "Kidole haina ndugu, mutoto wangu," na akaendelea na kucha zake. Kibuyu nilikiacha pale. Nilirudi nikamkanda dada tena, kwa nguvu, mpaka akalalamika.

Kesho yake alisimama mbele yangu mstarini. Shingo ilikuwa inameta. Mwalimu akaweka vidole. Aliviacha pale muda mrefu, mrefu kuliko kwa mtu mwingine. Bwana Daktari alikuwa mezani, kalamu mkononi, anangoja neno. Mwalimu alikuwa anaangalia ziwani.

"Pita," akasema.

Nilifikiri ni mafuta yangu. Nilifikiri nimeishinda Shule Kuu, na ndevu zake, na miaka mitatu ya nzi. Zamu yangu ilipofika nilishindwa kuzuia kicheko, Mwalimu akaniambia nitulie. Njia nzima ya nyumbani niliruka mbele ya dada kama mbuzi mdogo, na yeye anauliza nimepatwa na nini.

Tulimwoza. Harusi ilikuwa nzuri. Mvuvi aliimba, watu wakavumilia. Mwalimu hakuwepo, mwezi ule Bwana Daktari alimhamishia pwani ya kaskazini, na kwetu akaletwa mwingine, kijana mwenye haraka. Mavuno mengine hayajafika, dada alirudishwa kutoka Kabonga. Alikuwa amemwunguza mume wake kwa uji bila sababu, kisha akalala jikoni. Tulimlaza kwa mama. Mara ya kwanza alilala akiwa anakula, mara nyingine akiwa anasema. Alikuwa anaanza neno asubuhi na kulimaliza jioni. Mume wake alikuja na samaki kila wiki mpaka mwisho, nasema hili ili lijulikane. Kambini hawakumtaka tena, walisema amechelewa. Alikufa siku ya soko. Nilikuwa nakanyaga chikichi nilipoitwa. Nikaosha miguu, nikaenda.

Sikulia. Watu walifikiri nitalia sana, kwa sababu mimi ndiye mwenye moyo laini nyumbani, nalia hata bata akikanyagwa. Nilipika, nikapokea wageni, nikawasindikiza. Siku ya arobaini nilikumbuka kwamba sijalia, nikajaribu, haikuja. Mpaka leo niko hivyo. Nacheka vilevile, naota vilevile. Ila kuna mahali ukinigusa sihisi kitu.

Sisemi kwamba sindano ingemponya. Niliwaona waliochomwa na wakafa. Sijui, na hata wale wenye ndevu, nadhani, walikuwa bado hawajui. Najua tu kwamba neno lilikuwa "Kaa," na likasemwa "Pita," na mafuta yalikuwa yangu.

Baadaye vita ilikuja ziwani, Wadachi wakaondoka, Wabeleji wakaingia. Kambi ikafungwa. Ufuko ukaanza kuota majani tena.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Nilikuwa nimepeleka mawese Muhuta kwa mtumbwi. Ufukweni watu walikuwa wameanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mchangani, na mzee mmoja alikuwa anawageuza kwa mikono, amechutama. Alipoinua kichwa, macho yake yalitua shingoni kwangu. Kisha yakapanda.

"Mutoto wa mawese," akasema.

"Amahoro, Mwalimu."

Alinikaribisha kwenye kivuli cha mtumbwi. Alikuwa amezeeka, mikono imepasuka, sugu juu ya sugu. Alinipa habari zake bila kuulizwa. Wadachi walipokimbia alibebeshwa masanduku ya Bwana Daktari, akatembea nayo siku nne, kisha akaambiwa ayaache njiani. Vioo vya damu vilimwagika, watoto wa kijiji kile wakavichukua kuchezea jua. Kutoka Shule Kuu hakuja mtu kumwuliza yuko wapi. Alisema hayo kama mtu anayesema habari za jirani. Alisema anapenda ndagala, hawana shingo.

Nilicheka. Halafu akachukua samaki mmoja, akamgeuza, akamrudisha palepale.

"Nataka nikuambie kitu," akasema. "Yule dada yako. Ile siku. Niliishika. Ilikuwa iko pale, kubwa kama harage."



"Mafuta yako ilikuwa mingi, lakini kidole haidanganywi na mafuta. Nilijua, na nikasema apite. Kwa miaka yote ile, mara moja tu. Wengine wote nilipeleka, na wewe uliona walivyorudi. Hawa macho yao iko juu yangu, sikatai." Alikuwa bado hanitazami usoni. "Ila nikiwahesabu wale, nikimaliza, namuweka yule moja mwisho. Nasema, huyu hata hivyo anaona. Si anaona?"

Mtumbwi ulikuwa unanukia lami. Mtoto mdogo alikuwa anafukuza kunguru kwenye samaki. Nilijitafuta mahali pa kutokea hasira, nikakuta pamekauka.

"Anaona, Mwalimu," nikasema.

Akapumua. "Iko na watoto?"

"Wawili."

"Majina?"

Nikamwambia Hamisi na Zaituni. Hayakunichukua muda, yalikuja yenyewe kama ndoto zangu zote zinavyokuja. Akauliza nani anafanana na mama yake. Nikasema Zaituni, ana kicheko chake, na Hamisi hataki kula vichwa vya samaki, baba yake anamgombeza. Nikasema nyumba yao Kabonga iko karibu na maji, na mume ameacha kuimba, majirani wameshukuru. Mwalimu akacheka mpaka akafuta macho kwa kiwiko. Aliuliza kama dada anajua kwamba yeye alijua. Nikasema anajua. Nikasema dada aliniambia nikimwona nimwambie murakoze, asante sana.

Kisha akainuka kwa shida, akachota ndagala kwa mikono miwili kutoka pale palipokauka vizuri, akazifunga ndani ya jani la mgomba, akanipa.

"Za Hamisi na Zaituni," akasema. "Mwambie mama yao aoshe muchanga kwanza."

Nilizipokea kwa mikono miwili. Nikamuaga, nikapanda mtumbwi.

Nilifika Rumonge kesho yake mchana. Mama alikuwa jikoni. Akafungua jani, akauliza nimezitoa wapi samaki nzuri namna hii. Nikasema Muhuta, nimepewa na mtu ninayemfahamu. Akazipika kwa mafuta yetu, na kitunguu, na pilipili kidogo. Tukala sisi wawili. Mchanga ulikuwa umo bado, tukatafuna hivyohivyo.